Rika la mwaka 1925: umri, heshima na neno "boyi"

Katika makala haya tunakusudia kueleza neno moja la Kiswahili, nalo ni rika, kwa njia ya maisha ya watu watano mashuhuri waliozaliwa katika mwaka mmoja. Tumechagua njia hiyo kwa sababu neno lenyewe limezoeleka sana, hata wengi hudhani kwamba maana yake ni nyepesi: watu wenye umri ulio sawa, basi. Kamusi nazo husema karibu hivyo hivyo. Lakini mwanafunzi akiuliza umri huo ulio sawa unamfanyia mtu nini, yaani unamfunga na nani, na kwa kifungo gani, kamusi hunyamaza.

Watu watano tutakaowataja walizaliwa wote mwaka 1925, katika muda usiotimia miezi mitano. Wa kwanza ni Malcolm Little, aliyejulikana baadaye kwa jina la Malcolm X, aliyezaliwa tarehe 19 Mei huko Omaha, katika jimbo la Nebraska, Marekani. Siku 44 baadaye, tarehe 2 Julai, walizaliwa wawili kwa siku moja: Patrice Lumumba katika kijiji cha Onalua, eneo la Katako-Kombe, Sankuru, na Medgar Evers katika mji mdogo wa Decatur, jimbo la Mississippi. Tarehe 20 ya mwezi huo huo alizaliwa Frantz Fanon huko Fort-de-France, kisiwani Martinique. Wa mwisho ni Antoine Gizenga, aliyezaliwa tarehe 5 Oktoba huko Kwilu.

Msomaji wa Kongo atawatambua mara moja Lumumba na Gizenga, maana walikuwa katika serikali moja, mmoja waziri mkuu na mwingine naibu wake. Fanon anafahamika kwa vitabu vyake. Malcolm X jina lake limefika kila mahali. Evers ndiye anayefahamika kidogo zaidi miongoni mwetu, na hilo ni kosa ambalo tungependa kulisahihisha kidogo hapa.

Kabla ya kuendelea yafaa tuseme jambo moja kuhusu tarehe zenyewe. Kuwataja watu kwa siku na mwezi wa kuzaliwa ni desturi ya karatasi. Wazee wetu walihesabu kwa matukio: fulani alizaliwa wakati wa vita vya Tabora, fulani mwaka wa homa kubwa, fulani alipohamia chifu. Hesabu hiyo haikuwa duni. Ilimweka mtoto ndani ya habari za watu wake, na ilitosha kujua nani mkubwa na nani mdogo, jambo ambalo ndilo lililokuwa na kazi. Serikali ya kikoloni ilipoleta vitabu vyake vya hesabu ya watu, karani alilazimika kukadiria, na hapo ndipo lilipoingia neno dogo la Kifaransa, *vers*, yaani "karibu na mwaka fulani", ambalo limebaki katika hati za wazee wengi hadi kufa kwao. Hata rais wa kwanza wa nchi yetu, Joseph Kasa-Vubu, vitabu havikubaliani juu ya mwaka wake wa kuzaliwa: kimoja husema 1910, kingine 1915, kingine 1917. Basi mtu mmoja aliweza kuwa na umri mbili, mmoja wa nyumbani na mmoja wa ofisini, na wa ofisini ndio uliokuwa wa kubahatisha.

Turudi kwenye neno. Wagikuyu wa Kenya husema *riika*, nao humaanisha kundi la watu waliotahiriwa pamoja, kundi ambalo hupewa jina lake na kuwa na wajibu wake. Wamasai na Wakalenjin wana utaratibu unaofanana na huo. Kwetu Kongo, kusini mwa nchi, Walunda na Wachokwe wana *mukanda*, na huko Tshopo Wababali walikuwa na *mambela*. Desturi hizi hazifanani kwa kila jambo, lakini zote zinakubaliana katika hili: kuzaliwa mwaka mmoja hakutoshi. Vijana wawili huwa ndugu wa rika kwa kuwa waliingizwa mahali pamoja, wakaumizwa kwa kisu kimoja, wakafundishwa siri zile zile, wakatoka wakiwa na jina jipya. Mmoja anaweza kumzidi mwenzake miaka mitatu au minne, na bado wakawa rika moja. Kwa hiyo Kiswahili kimebakiwa na maneno kadhaa mahali pa moja. Umri ni hesabu ya miaka. Makamo ni kadiri ya mtu katika safari yake ya maisha, ndiyo maana twasema "mtu wa makamo". Hirimu ni wale walio katika hatua moja ya ukuaji. Na rika, kwa asili yake, ni watu waliopita katika jambo moja.

Tukitumia kipimo hicho, je, watu wetu watano walikuwa rika, au walikuwa na umri sawa tu?

Ni rahisi kujibu kwa haraka kwamba walikuwa rika, kwa sababu wote walipigania uhuru wa watu weusi. Jibu hilo haliridhishi. Tukitazama walivyokuwa mwaka 1952, walipotimiza miaka 27, tutaona watu ambao hawakufanana hata kidogo. Fanon, ambaye alikuwa amepigana katika jeshi la Wafaransa Huru na kujeruhiwa mashariki ya Ufaransa mwaka 1944, alikuwa daktari, na mwaka huo alitoa kitabu chake cha kwanza, *Peau noire, masques blancs*. Evers, naye askari wa zamani aliyetumikia Ufaransa katika vita hivyo hivyo, alikuwa amemaliza masomo ya chuo cha Alcorn. Malcolm alitoka gerezani, alikokuwa tangu mwaka 1946 kwa makosa ya wizi, akajiunga na kazi ya kuhubiri katika jumuiya ya Nation of Islam. Lumumba alikuwa karani wa posta Stanleyville, mji tunaouita leo Kisangani, mtu wa vyama vya wasomi, mwandishi wa makala magazetini, mwenye hamu ya kutambuliwa na Wabelgiji kuwa mtu aliyestaarabika. Miaka miwili baadaye, 1954, alipata ile hati iliyoitwa *immatriculation*, baada ya kukataliwa hapo mwanzo. Mwaka huo huo wa 1954 Evers aliomba nafasi ya kusoma sheria katika chuo kikuu cha jimbo lake, akakataliwa kwa sababu ya rangi yake.

Tusiifiche tofauti hiyo. Kuna waandishi wanaopenda kumchora Lumumba kana kwamba alizaliwa na maneno ya tarehe 30 Juni mdomoni. Sivyo. Kitabu alichokiandika mwaka 1956, na ambacho kilitolewa baada ya kufa kwake kwa jina la *Le Congo, terre d'avenir, est-il menacé?*, ni kitabu cha mtu anayetumaini bado kwamba Mbelgiji na Mkongo wataweza kukaa pamoja kwa mapatano ya haki. Wakati huo Fanon alikuwa tayari anaiandikia serikali ya Ufaransa barua ya kuacha kazi yake katika hospitali ya Blida, Algeria, kwa kuwa hakuona tena jinsi ya kuponya wagonjwa katika nchi iliyofanywa ugonjwa na utawala wenyewe. Miaka yao ilikuwa sawa, lakini fikra zao zilikuwa zimekomaa kwa kasi mbalimbali. Kwa maoni yetu, heshima ya Lumumba haipungui kwa kusema hivyo, bali huongezeka, maana alisafiri mbali zaidi kwa muda mfupi zaidi.

Kitu gani basi kiliwaingiza katika jando moja? Jibu letu litamshangaza msomaji kwa udogo wake: ni namna walivyoitwa.

Kila mtu aliyeishi mijini wakati wa ukoloni alilijua neno boyi. Limetoka katika Kiingereza, ambamo maana yake ni mtoto wa kiume. Lilipoingia katika Kiswahili cha Katanga na cha pwani, likapata maana ya mtumishi wa nyumbani, na likapata uwingi wake, maboyi, kama neno lolote lililozaliwa humu. Lakini maana ya kwanza haikufa kabisa. Mtu mwenye wake na wajukuu, ambaye kijijini kwake asingeitwa kwa jina lake na mdogo wake yeyote, aliitikia "boyi" mbele ya bibi wa kizungu mwenye miaka 20. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya Kiswahili na utawala wa kikoloni, amechunguza vile vitabu vidogo vya kufundishia Kiswahili vilivyoandikwa kwa ajili ya Wazungu wa Kongo. Anayevipitia ataona jinsi vilivyojaa amri: leta, beba, fagia, haraka. Kiswahili ambacho kwetu hakimjui mtu bila kujua kama ni baba, mama, yaya au mdogo, kiligeuzwa lugha isiyo na umri.

Ng'ambo ya bahari hali ilikuwa hiyo hiyo, tena kwa neno lile lile. Katika Mississippi ya Medgar Evers, mtu mweusi aliyekomaa aliitwa *boy* na Mzungu, hata akiwa mzee, na hakuitwa bwana kamwe. Evers alirudi kutoka vitani akiwa na umri wa miaka 20, amevuka bahari, ameona vijana wa Ulaya wakifa, akakuta kwamba nyumbani angali mtoto. Huko Martinique na Ufaransa tatizo lilivaa vazi la sarufi: Mfaransa aliyemwambia mgeni wa kizungu *vous* alimwambia mtu mweusi *tu*, kama mtu asemavyo na mtoto au mbwa wake, na mara nyingine alimsemesha Kifaransa cha kuvunjavunja. Fanon alilitolea jambo hilo kurasa nyingi katika sura ya kwanza ya kitabu chake cha mwaka 1952, na alieleza kama daktari kwamba namna hiyo ya kusema humfunga msikilizaji ndani ya picha asiyoichagua. Malcolm naye aliacha jina la ukoo la Little kwa kuwa lilitoka kwa bwana wa watumwa, akaweka herufi X mahali pa jina la mababu lililopotea.

Sasa tunaweza kuielewa vizuri zaidi siku ya tarehe 30 Juni 1960. Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alizaliwa tarehe 7 Septemba 1930. Siku ya uhuru alikuwa na miaka 29. Lumumba alibakiwa na siku mbili tu kutimiza miaka 35, na Gizenga alikuwa na 34. Kwa hesabu ya nyumbani kwetu, mfalme alikuwa mdogo wao. Hata hivyo hotuba yake ilikuwa ya mzazi anayekabidhi nyumba kwa watoto, akisifu kazi ya Leopold II na kuwausia Wakongo wasiharakishe mambo. Kasa-Vubu, aliyekuwa mkubwa kuliko wote hao, alijibu kwa adabu ya kiserikali. Kisha Lumumba, ambaye jina lake halikuwa katika ratiba ya wasemaji, akasimama. Watu hukumbuka katika hotuba yake habari za mapigo, ardhi na magereza. Lakini miongoni mwa malalamiko yale makubwa alitia moja lililoonekana dogo: kwamba mtu mweusi aliambiwa *tu*, si kwa urafiki, bali kwa sababu *vous* ilikuwa ya Wazungu peke yao. Msikilizaji wa Ulaya angeweza kushangaa kwamba waziri mkuu anatia suala la kiwakilishi katika hotuba ya uhuru wa nchi. Msomaji wa Kiswahili hapaswi kushangaa. Aliyekuwa akizungumza ni mtu mzima akidai umri wake mbele ya kijana.

Hapo ndipo tunapoona rika. Fanon mwaka 1952, Lumumba mwaka 1960 na Evers katika madai yake ya kila siku huko Jackson walikuwa wanasema jambo moja bila kupatana. Kizazi cha baba zao kilivumilia neno boyi, kwa kuwa kilikuwa bado na kijiji cha kurudia ambako umri wao ulihesabiwa. Kizazi cha mwaka 1925 kilikulia mjini, shuleni, kambini na jeshini, mahali ambapo umri pekee uliotambuliwa ulikuwa ule wa ofisi, na ofisi iliwaandika kuwa watoto.

Je, walijuana? Baadhi walijuana. Mwezi wa Desemba 1958 huko Accra, katika mkutano wa watu wa Afrika yote ulioitishwa na Kwame Nkrumah, Lumumba alifika na wenzake wawili wa Kongo, na Fanon alikuwamo katika ujumbe wa Algeria. Mwenyekiti wa mkutano alikuwa Tom Mboya wa Kenya, kijana wa miaka 28. Fanon alikuja Léopoldville tena mwezi wa Agosti 1960, wakati wa mkutano wa nchi za Afrika alioitisha Lumumba, huku serikali yenyewe ikiwa tayari inatikisika. Wiki moja tu baadaye, tarehe 5 Septemba, Kasa-Vubu alitangaza kumwondoa Lumumba, na tarehe 14 Kanali Mobutu akatwaa madaraka.

Tuseme neno juu ya Mobutu, maana naye anatusaidia kupima hoja yetu. Alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1930. Mfalme Baudouin na Tom Mboya nao ni wa mwaka 1930. Hapa tuna watu watatu wa umri mmoja ambao hakuna atakayethubutu kuwaita rika: mfalme wa nchi iliyotawala, mtu wa vyama vya wafanyakazi aliyeuawa Nairobi mwaka 1969, na mkuu wa jeshi aliyekaa madarakani hadi mwaka 1997. Kalenda iliwaweka pamoja, na hakuna kingine kilichowaweka. Anayependa kukusanya majina ya mashuhuri kwa mwaka wa kuzaliwa na kushangilia namna yanavyolingana, na auzingatie mfano huu. Kuhusu Lumumba na Mobutu, jambo lililowaumiza watu wengi halikuwa siasa peke yake. Mobutu alikuwa mdogo wake kwa miaka mitano, alikuwa katibu wake, na ni Lumumba aliyempa cheo cha mnadhimu mkuu wa jeshi. Katika Kiswahili chetu cha Kongo, mudogo kumuuza mukubwa wake ni kosa ambalo lina uzito wake lenyewe, mbali na sheria za nchi.

Lumumba alitoroka nyumbani mwake Léopoldville tarehe 27 Novemba 1960, akielekea Stanleyville, ambako Gizenga alikuwa amekwisha kufika na kuanza kupanga serikali. Hakufika. Alikamatwa njiani, kwenye mto Sankuru. Tarehe 17 Januari 1961 alipelekwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, pamoja na Maurice Mpolo, aliyekuwa mdogo wake, na Joseph Okito, aliyekuwa mtu mzima kuliko wote wawili. Usiku ule ule wakauawa wote watatu.

Fanon aliandika juu ya kifo hicho katika gazeti la *Afrique Action* mwezi wa Februari 1961. Makala yake si ya kuomboleza. Anauliza kama ingewezekana kufanya vingine, na lawama nzito anawatupia Waafrika wenyewe, waliokubali kupeleka askari wao Kongo chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa badala ya kumsaidia mwenzao moja kwa moja. Aliyaandika hayo akiwa mgonjwa. Saratani ya damu ilikuwa imekwisha kumshika. Kitabu chake cha mwisho, *Les damnés de la terre*, alikitunga kwa miezi michache ya mwaka 1961, akikimbizana na siku zake. Alifariki tarehe 6 Desemba 1961 katika hospitali ya Bethesda, Marekani, akiwa na miaka 36. Mwili wake ukarudishwa na kuzikwa katika ardhi ya Algeria.

Evers aliishi zaidi kidogo. Alikuwa mwakilishi wa chama cha NAACP katika Mississippi tangu mwaka 1954, kazi ya kuandikisha wapiga kura na kuchunguza mauaji ambayo polisi hawakutaka kuyachunguza. Usiku wa tarehe 12 Juni 1963, saa chache baada ya Rais Kennedy kuhutubia taifa juu ya haki za raia weusi, alipigwa risasi mgongoni mbele ya nyumba yake. Alibakiwa na siku 20 atimize miaka 38. Mwaka 1964 mwuaji alishtakiwa mara mbili mbele ya baraza la wazee wa mahakama ambao wote walikuwa Wazungu, na mara zote mbili hawakuafikiana. Alihukumiwa hatimaye mwaka 1994. Malcolm X naye aliuawa tarehe 21 Februari 1965 jijini New York, akiwa na miaka 39. Mwaka 2021 mahakama ya huko ilifuta hukumu za wawili kati ya watatu waliofungwa kwa mauaji hayo.

Kuna jambo moja ambalo hutajwa kwa nadra, nalo ni la namna ya kuwapa watoto majina. Evers alimpa mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 1953, jina la Kenyatta, wakati ambapo Jomo Kenyatta alikuwa mfungwa wa Waingereza. Malcolm X, aliyekuwa amezuru Cairo, Dar es Salaam na Nairobi mwaka 1964, alimpa binti yake aliyezaliwa mwishoni mwa mwaka huo jina la Lumumba. Hakuwahi kukutana naye. Lakini alikuwa akiwaeleza wasikilizaji wake wa New York ile hotuba ya tarehe 30 Juni, na kuwashauri waiweke juu ya milango ya nyumba zao. Na mwezi wa Juni 1964 alimtaja Lumumba kuwa mtu mweusi mkuu kuliko wote waliopata kutembea katika bara la Afrika. Kumpa mtoto jina la mwenzio aliyekufa ni desturi ambayo Mtetela wa Onalua angeielewa bila tafsiri. Sisi tunaiona kuwa ushahidi wenye nguvu kuliko hotuba yoyote, kwamba Malcolm alimhesabu Lumumba kuwa wa rika lake.

Mwaka 1925 una mwenzao mwingine, ingawa si mtu. Katika mwaka huo, huko Dar es Salaam, mkutano wa elimu wa serikali ya Tanganyika ulianza rasmi ile safari ya kutafuta Kiswahili kimoja cha shule. Mwaka 1928, Mombasa, lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa kuwa msingi, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi. Kiswahili sanifu, ambacho makala haya yanaandikwa kwacho, ni cha hirimu moja na Lumumba. Lumumba mwenyewe alijifunza Kiswahili cha Stanleyville, si hicho cha kamati. Fanon, ambaye hakukijua Kiswahili, alikuja kusemeshwa kwacho baada ya kufa: katika miaka ya 1970 Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga walitafsiri *Les damnés de la terre* kwa jina la *Viumbe Waliolaaniwa*. Jina hilo lastahili kuchunguzwa na wanafunzi wetu wa tafsiri. Dunia imeondoka katika jina, na mahali pake pameingia viumbe, neno ambalo katika Kiswahili lina harufu ya Muumba na ya unyonge wa mwanadamu mbele yake. Tafsiri ya moja kwa moja ingekuwa na neno ardhi au dunia, nayo ingekuwa sahihi, lakini tunadhani ingekuwa baridi.

Amebaki Gizenga. Katika mwaka 1961 nchi kadhaa ziliitambua serikali yake ya Stanleyville kuwa serikali halali ya Kongo. Mwezi wa Januari 1962 alikamatwa, akafungwa katika kisiwa cha Bula-Bemba, kwenye mdomo wa mto wetu, hadi mwaka 1964. Mwaka huo alianzisha chama cha PALU. Akafungiwa tena nyumbani, kisha akaenda uhamishoni mwaka 1965, akakaa huko hadi mwaka 1992. Hesabu yake ni nzito: alipoondoka alikuwa na miaka 40, aliporudi alikuwa na 66. Vijana waliompokea walimjua kwa jina tu, kama mtu wa vitabuni. Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 2006 alikuwa wa tatu, akiwa na kura karibu 13 kwa mia, na tarehe 30 Desemba mwaka huo akateuliwa kuwa waziri mkuu, kiti kile ambacho Lumumba alikikalia kwa miezi miwili na siku chache. Alikuwa na miaka 81. Alijiuzulu mwezi wa Septemba 2008, siku chache kabla ya kutimiza miaka 83.

Wakati huo wengi walimcheka kwa uzee wake, na wachora katuni walimwonyesha amelala. Ni kweli kwamba kazi ile ilihitaji nguvu zaidi ya alizokuwa nazo, na hatutaki kuisifu serikali yake kuliko inavyostahili. Lakini tulipokuwa tukicheka hatukuhesabu. Kama Lumumba angeachwa hai, angekuwa mzee vile vile, na mwendo wake ungekuwa wa taratibu vile vile. Sisi tunamwona daima na miaka 35, mwembamba, mwenye miwani na ndevu fupi, kwa sababu picha zake ziliishia hapo. Gizenga ndiye aliyeubeba mbele yetu umri ambao wenzake wanne walinyimwa, na tukaudhani kuwa kosa lake.

Alifariki Kinshasa tarehe 24 Februari 2019, akiwa na miaka 93, miaka 58 na mwezi mmoja baada ya Lumumba. Jino moja la Lumumba, mabaki pekee ya mwili wake yaliyopatikana, lilikabidhiwa na Ubelgiji kwa familia yake tarehe 20 Juni 2022. Likapitishwa Sankuru, Kisangani na Lubumbashi, likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni, siku mbili kabla ya siku ambayo mwenyewe angetimiza miaka 97. Kati ya watu watano wa mwaka ule, hapakuwapo tena hata mmoja wa kwenda kuzika.